Mashine Inayohesabu Chembe Nyeupe za Damu: Inasema Nini, na Nini Haisemi

Siku hizi ni jambo la kawaida mgonjwa kutoka maabara akiwa na karatasi ndefu iliyojaa herufi na tarakimu. Zamani majibu ya damu yalikuwa mstari mmoja au miwili iliyoandikwa kwa kalamu: wadudu wa malaria wameonekana au hawakuonekana, na wingi wa damu ni kiasi fulani. Leo karatasi hutoka kwenye mashine ikiwa imechapwa safu kwa safu, na pembeni mwa baadhi ya tarakimu kuna herufi H au L. H maana yake kiwango kiko juu, na L maana yake kiko chini.

Hapo ndipo wasiwasi unapoanza. Mama anasoma kwenye karatasi ya mtoto wake herufi WBC, anaona 12.4 na H pembeni. Jirani anamwambia, “Hayo ni maambukizi kwenye damu.” Safari inayofuata ni ya duka la dawa, na fedha iliyokuwa ya mboga inanunua antibiotiki. Mwingine anaona L, halala usiku kucha, maana amesikia kwamba chembe nyeupe zikipungua basi ni UKIMWI. Ndoa zimeingia mgogoro kwa sababu ya herufi hiyo moja.

Mwezi huu basi tuutazame mstari huo wa WBC, yaani hesabu ya chembe nyeupe za damu. Tuone mashine inavyozihesabu, na kwa nini mashine inayohesabu vizuri kiasi hicho bado haiwezi kumwambia mtu anaumwa nini.

CHEMBE NYEUPE NI KITU GANI?

Damu iliyozuiwa isigande, ukiiacha ndani ya chupa isimame kwa saa kadhaa, hujitenga yenyewe. Chini hutuama chembe nyekundu, juu hubaki maji yenye rangi ya manjano, na katikati huonekana utando mwembamba mweupe. Katika utando huo ndimo zilimo chembe nyeupe, pamoja na chembe ndogo zaidi zinazosaidia damu kuganda, ziitwazo chembe sahani.

Chembe nyeupe ni chache sana. Chukua tone dogo lenye urefu, upana na kimo cha milimita moja tu. Ndani yake mna chembe nyekundu zipatazo milioni 4 hadi 5, lakini nyeupe ni elfu chache tu. Kwa kila chembe nyeupe moja kuna nyekundu mia kadhaa. Karatasi ikiandika 6.2, maana yake ni kwamba katika tone hilo dogo kuna chembe nyeupe 6,200. Ukiona 12.4, soma 12,400.

Tena chembe hizo si za namna moja. Kuna aina tano. Zilizo nyingi kwa mtu mzima ni neutrofili, ambazo hukimbilia mahali palipoingiliwa na bakteria na kuwameza. Zinafuata limfosaiti, ambazo hupambana na virusi, hutengeneza kinga na kukumbuka magonjwa yaliyokwisha kupita. Monosaiti ni kubwa, nazo hula mabaki na vijidudu. Eosinofili huongezeka hasa kwa mtu mwenye minyoo, kichocho, pumu au mzio. Basofili ni nadra mno. Mtaalamu anaweza kutazama chembe mia moja asiione hata moja.

Walimu wa shule hupenda kuziita askari wa mwili. Mfano huo unafaa, lakini una kasoro yake. Unamfanya mtu adhani kwamba askari wakionekana wengi barabarani, basi lazima adui ameingia. Askari hutoka kambini kwa sababu nyingi. Karibu nusu ya neutrofili zilizomo katika mishipa ya damu hazielei katikati ya damu, bali zimejibanza kwenye kuta za mishipa zikipumzika. Mtu akikimbia, akishtuka, au mtoto akilia kwa nguvu anapochomwa sindano, chembe hizo huachia kuta na kuingia katika mkondo wa damu, na hesabu hupanda ndani ya dakika chache bila kijidudu chochote kuingia mwilini. Tutarudi kwenye jambo hili.

WALIVYOHESABU KWA MACHO

Mjerumani Karl Vierordt alichapisha mwaka 1852 njia ya kuhesabu chembe nyekundu, kazi iliyokuwa ya kuchosha na iliyochukua saa nyingi. Baadaye kikapatikana kioo maalumu kilichochorwa miraba midogo, ambacho bado kipo katika maabara nyingi na huitwa kioo cha Neubauer. Maabara ambayo mashine yake imeharibika, au umeme umekatika, hurudi kwenye kioo hicho hicho.

Kazi yenyewe ni hivi. Mtaalamu huchanganya sehemu moja ya damu na dawa mpaka zitimie sehemu 20. Dawa hiyo ina asidi kidogo, ile iliyomo katika siki, ambayo huvunja chembe nyekundu zote, na rangi ya zambarau inayofanya chembe nyeupe zionekane. Kisha huweka tone kwenye kioo na kuhesabu chembe zilizomo katika miraba mikubwa minne ya pembeni. Akipata chembe 120, anazidisha kwa 50, jibu ni 6,000. Mtaalamu aliyezoea hufanya hivyo kwa dakika chache, lakini akiwa na wagonjwa 60 wanaosubiri kwenye benchi, macho huchoka, na hesabu ya mgonjwa wa mwisho haiwi na uangalifu wa ile ya kwanza.

Kujua ni aina gani za chembe ni kazi nyingine. Kwa hiyo damu hupakwa juu ya kioo utando mwembamba, hukaushwa na kutiwa rangi. Ufundi wa kutia rangi chembe nyeupe ili aina zake zitofautiane tunaudai kwa Mjerumani mwingine, Paul Ehrlich, aliyeuanzisha akiwa bado kijana kabla ya mwaka 1880. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi zake juu ya kinga ya mwili. Mtaalamu hutazama chembe 100 kwa hadubini na kuandika: neutrofili 58, limfosaiti 33, na kadhalika. Lakini mia moja ni chache. Akipata eosinofili 5, kisha akirudia kioo hicho hicho, anaweza kupata 2 au 9, wala hajakosea. Ni sawa na kuchota kiganja cha maharage mchanganyiko gunia zima likingoja.

Hapa niseme neno juu ya lugha yetu ya mtaani. Watu wengi husema, “Nina malaria tano,” au “Mtoto alikuwa na malaria mbili.” Tarakimu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye chembe nyeupe. Mtaalamu alipotazama damu kwa hadubini, alihesabu wadudu wa malaria mpaka amalize kuhesabu chembe nyeupe 200. Akiona wadudu watano aliandika 5/200. Ili kujua wadudu ni wangapi katika tone, Shirika la Afya Duniani linaruhusu kukadiria kwamba kila mtu ana chembe nyeupe 8,000; basi unazidisha 5 kwa 40, unapata wadudu 200. Lakini mtu ambaye chembe zake nyeupe ni 4,000 tu, wadudu wake kwa kweli ni 100. Kwa hiyo hata “malaria tano” ya watu wawili si lazima iwe sawa. Siku hizi zahanati nyingi hutumia kipimo cha haraka kinachojibu ndiyo au hapana, lakini msemo umebaki.

MBUZI MLANGONI MWA ZIZI

Mfugaji mwenye mbuzi wengi hawahesabu wakiwa wametawanyika malishoni. Jioni husimama kwenye mlango mwembamba wa zizi, na mbuzi wanapopita mmoja mmoja, anawahesabu. Mashine ya kuhesabu chembe za damu hufanya jambo hilo hilo.

Aliyebuni njia hiyo ni Mmarekani Wallace Coulter, aliyezaliwa mwaka 1913 katika jimbo la Arkansas. Hakuwa daktari; alikuwa mtu wa mambo ya umeme. Akiwa katika jiji la Chicago miaka ya 1940, akisaidiwa na ndugu yake Joseph, alitafuta njia ya kuzipitisha chembe moja moja katika tundu dogo. Husimuliwa kwamba tundu lake la kwanza alilitoboa kwa sindano ya moto katika karatasi ya nailoni inayofunika pakiti ya sigara. Mwaka 1953 alipewa hati ya serikali ya Marekani ya kulinda ubunifu wake, na baada ya miaka michache mashine za aina hiyo zikaanza kuenea katika mahospitali. Alifariki mwaka 1998. Mashine nyingi tunazoziona leo, hata zile ndogo za mezani katika hospitali za wilaya na za misheni, bado zinatumia njia yake.

Mashine hufyonza damu kidogo, matone machache tu, na kuichanganya na maji ya chumvi yanayopitisha umeme. Dawa nyingine huvunja chembe nyekundu, nyeupe zikabaki. Kisha mchanganyiko huvutwa kupitia tundu lenye upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na umeme mdogo hupita katika tundu hilo wakati wote. Chembe haipitishi umeme vizuri. Kwa hiyo kila chembe inapopenya, umeme huzuiwa kwa kitambo kidogo sana, na mashine huhesabu: moja. Tena chembe kubwa huzuia umeme zaidi kuliko ndogo, kwa hiyo mashine inapata mambo mawili kwa mara moja, idadi na ukubwa. Ndani ya dakika moja hivi imehesabu maelfu ya chembe, ikiwa haina usingizi wala haraka ya kwenda nyumbani.

Je, mbuzi wawili wakipita mlangoni kwa pamoja? Hilo hutokea. Mashine huziona chembe mbili kama moja. Waliozitengeneza wanajua, ndiyo maana damu huchanganywa na maji mengi kwanza, na mashine imewekewa hesabu ya kurekebisha. Lakini chembe zikiwa nyingi kupita kiasi, kama kwa mgonjwa wa saratani ya damu, mtaalamu hulazimika kuizimua damu zaidi na kupima upya.

Mashine ndogo hugawa chembe nyeupe katika makundi matatu kwa ukubwa wake: ndogo, ambazo nyingi ni limfosaiti, za kati, na kubwa, ambazo nyingi ni neutrofili. Ndiyo maana kwenye karatasi nyingine huoni majina matano bali matatu tu. Mashine kubwa zaidi huongeza mwanga wa leza. Chembe ikipita mbele ya mwanga huo huutawanya kwa namna yake, kulingana na umbo la kiini chake na punje zilizomo ndani, na hivyo mashine hutofautisha aina zote tano.

MASHINE INAPODANGANYIKA

Kwa kuhesabu, mashine inamshinda binadamu, hapana ubishi. Lakini mashine haijui inachokihesabu. Inajua tu kwamba kitu cha ukubwa fulani kimepita.

Sababu ya kwanza ya makosa haiko hata kwenye mashine, iko kwenye chupa. Damu ya kipimo hiki huwekwa katika chupa yenye kizibo cha zambarau, ambayo ndani ina dawa ya kuzuia damu isigande. Umeona muuguzi akiigeuza chupa hiyo juu chini taratibu mara kadhaa. Hachezi, anachanganya dawa na damu. Asipofanya hivyo damu huganda vibonge vidogo, chembe hunaswa humo, na mashine huonyesha kwamba ni chache kumbe sivyo. Ukiitwa ili damu ya mtoto itolewe mara ya pili, usigombane na wahudumu. Wapo wanaonung'unika kwamba damu yao inachukuliwa ikauzwe. Mililita 2, chini ya nusu ya kijiko cha chai, hazina soko popote. Heri maabara inayorudia kuliko ile inayokupa tarakimu ya damu iliyoganda.

Kosa la pili linawahusu watoto wengi wa nchi yetu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Mwili wa mtoto huyo hupoteza chembe nyekundu upesi, na kiwanda kilichomo ndani ya mifupa hutoa chembe nyekundu changa kabla hazijakomaa, zikiwa bado na kiini. Dawa ya mashine haizimalizi hizo. Zinapopita tunduni, baadhi ya mashine huzihesabu kuwa ni chembe nyeupe. Karatasi inaonyesha 30,000, wazazi wanaambiwa mtoto ana maambukizi makali, kumbe sehemu ya hesabu hiyo ni chembe nyekundu changa. Tena mtoto wa selimundu, hata akiwa na siku njema, chembe zake nyeupe za kweli huwa nyingi kuliko za wenzake. Mzazi wa mtoto kama huyo na alitaje jambo hilo mapema, kabla majibu hayajasomwa. Ila mtoto wa selimundu mwenye homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hesabu iwe imepanda au haikupanda, kwa sababu kwake maambukizi ni hatari kweli kweli.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote. Katika saratani ya damu, chembe changa zenye ugonjwa huingia katika mkondo wa damu. Mashine, isipozitambua, inaweza kuziweka katika kundi la limfosaiti au monosaiti. Mashine nzuri huwa na adabu ya kukiri: huchapa nyota, alama ya kuuliza, au maneno ya onyo pembeni. Onyo hilo linamwambia mtaalamu, chukua kioo, paka damu, itie rangi, utazame mwenyewe. Katika maabara yenye watu wachache na foleni ndefu, hatua hiyo ndiyo inayorukwa kwa urahisi. Kwa maoni yangu, kununua mashine bila kuwa na mtu anayejua kusoma kioo cha damu ni kama kununua gari bila kuwa na dereva.

HESABU IKIWA JUU

Turudi kwa yule mama mwenye karatasi ya 12.4.

Kwanza, mtoto ana umri gani? Mtoto mchanga siku ya kwanza ya maisha yake anaweza kuwa na chembe nyeupe 20,000 au zaidi akiwa mzima kabisa. Watoto wadogo huwa na nyingi kuliko watu wazima, na mpaka wafikie miaka minne au mitano hivi, limfosaiti zao huzidi neutrofili. Mashine iliyowekewa vipimo vya mtu mzima haijui kwamba damu hii ni ya mtoto wa miaka miwili. Itachapa H kwenye limfosaiti bila sababu. Mama mjamzito naye hesabu yake hupanda, na wakati wa uchungu hupanda zaidi. Mvuta sigara huwa nazo nyingi. Anayetumia prednisolone kwa ajili ya pumu huwa nazo nyingi. Aliyeungua moto, aliyevunjika mguu, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, hali kadhalika.

Pili, ni aina gani iliyopanda? Neutrofili nyingi pamoja na homa, kikohozi na kupumua kwa haraka humfanya mganga afikirie kichomi. Eosinofili zikizidi, huulizwa habari za minyoo, kichocho na mzio. Antibiotiki hapo hazina kazi.

Tatu, na hili wengi hawalijui: baadhi ya magonjwa tunayoyaogopa hayapandishi hesabu hiyo. Homa ya matumbo, yaani taifodi, mara nyingi huiacha ya kawaida au huishusha. Malaria vile vile. Homa ya dengi, iliyosumbua jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzishusha chembe nyeupe pamoja na chembe sahani. Kwa hiyo mtu anayeambiwa, “WBC yako iko juu, una taifodi,” ameambiwa jambo ambalo karatasi haikulisema. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha vijidudu kutoka katika damu ya mgonjwa, kazi inayochukua siku kadhaa.

Kununua antibiotiki kwa sababu ya H peke yake kuna hasara tatu. Fedha imepotea. Ugonjwa wenyewe, kama upo, unaendelea kwa siku tano mgonjwa akidhani anatibiwa. Na bakteria waliomo mwilini hujifunza kuzizoea dawa hizo, hata siku atakapopata kichomi cha kweli, dawa isifanye kazi.

HESABU IKIWA CHINI

Hapa kuna habari ambayo ingefaa ibandikwe katika kila chumba cha mganga. Vipimo vya kawaida vilivyochapwa kwenye karatasi nyingi, yaani kuanzia 4,000 hadi 11,000, vilitokana hasa na damu za watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2009 wataalamu walichapisha matokeo ya kupima watu wazima wenye afya katika nchi za Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Wakaona kwamba kwao kiwango cha kawaida ni kuanzia kama 3,100 hadi 9,100. Mtu mwenye 3,400 anaweza kuwa mzima kabisa, ingawa mashine inamwandikia L.

Sababu yake ni ya kurithi. Chembe nyekundu za watu wengi duniani zina alama fulani juu yake iitwayo Duffy. Waafrika walio wengi hawana alama hiyo kwenye chembe zao nyekundu, na kukosa huko kumewakinga babu zetu na aina moja ya malaria, ile ya vivax. Mwaka huo huo wa 2009 ilionekana kwamba tofauti hiyo hiyo ya kurithi ndiyo inayofanya neutrofili zinazoelea katika damu ziwe chache. Wenye hali hiyo hawaugui zaidi kwa sababu hiyo. Ni kawaida yao.

Na UKIMWI? Ni kweli virusi vya UKIMWI huharibu aina moja ya limfosaiti, ziitwazo CD4. Lakini mashine hii haizitenganishi CD4 na limfosaiti nyingine. Kwa kazi hiyo kuna mashine nyingine. Mtu anaweza kuwa na virusi na hesabu yake ya WBC ikawa ya kawaida, na mwingine akawa na L bila kuwa na virusi. Anayetaka kujua apime virusi vyenyewe, kipimo cha dakika chache ambacho katika vituo vya serikali ni bure. Na aliyekutwa navyo hasubiri tena CD4 zishuke ndipo aanze dawa; tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye virusi aanze mara moja.

Lakini ipo L ya kutiliwa maanani. Neutrofili zikiwa chini ya 500, mwili hauna ulinzi, na homa ndogo inaweza kuua ndani ya siku moja au mbili. Hali hii huwapata hasa wagonjwa wanaotibiwa saratani kwa dawa za mishipa, wiki moja au mbili baada ya kupata dawa. Ndiyo maana kabla ya kila awamu hupimwa damu kwanza, na wakati mwingine huambiwa warudi nyumbani wangoje wiki. Wagonjwa hukasirika, hasa waliotoka mbali kwa nauli ya kukopa. Hasira hiyo naielewa, lakini kuchomwa dawa siku hiyo kungeweza kuwaua. Mgonjwa wa namna hiyo akipata homa akiwa nyumbani, asimeze panadoli na kulala. Aende hospitali usiku huo huo.

Na pale ambapo chembe nyeupe zimepanda mpaka 50,000 au 100,000, au zimeshuka sana, huku chembe nyekundu na chembe sahani nazo zimepungua, mtoto amepauka, fizi zinatoka damu, ana homa isiyoisha na mifupa inamuuma, hapo kioo cha damu kitazamwe siku hiyo hiyo na mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa kama vile Muhimbili, Bugando au KCMC. Saratani ya damu ya watoto ikigunduliwa mapema hutibika kwa wengi. Katika hali hii miezi miwili ya kubadilisha antibiotiki ni hasara kubwa mno.

MZAZI AFANYE NINI NA KARATASI

Isome pamoja na mganga, si pamoja na jirani. Mwulize: je, vipimo hivi ni vya umri wa mtoto wangu? Ni aina gani iliyopanda au kushuka? Mashine imetoa onyo lolote? Kioo kimetazamwa? Mganga mwema hachukizwi na maswali hayo. Mwambie pia dawa zote ulizokwisha kutumia, pamoja na zile za duka na za miti shamba, na kama una mimba. Kama mtoto alilia sana wakati wa kutolewa damu na hesabu imepanda kidogo tu, inatosha mara nyingi kurudia kipimo baada ya siku chache.

Halafu usiitupe karatasi hiyo. Iweke pamoja na kadi ya kliniki. Mtu mzima ambaye mwaka jana, akiwa na afya njema, alikuwa na 3.4, na leo ana 3.4, hana jambo jipya. Lakini aliyekuwa na 8.0 mwaka jana, na leo ana 3.4 na homa, huyo ana jambo la kuchunguzwa, na hakuna mashine inayoweza kuliona bila ile karatasi ya zamani.